Pikipiki Bubu

Watu wa Ndatu hawacheleweshi kukipa kitu jina. Siku baiskeli za umeme zilipopita kijijini kwao mara ya kwanza, zikipanda kilima bila mwendeshaji kutoka jasho na bila injini kulia, walizitazama mpaka zikapotea kwenye migomba, kisha mama mmoja muuza maparachichi akasema, "Hizo ni pikipiki bubu." Basi ikawa hivyo. Hata Brayson Kaaya, aliyekuwa akiwaongoza wageni juu ya baiskeli hizo, wazee wakimuuliza anafanya kazi gani siku hizi aliwajibu kwamba anaendesha pikipiki bubu, maana kueleza habari za betri na mota kulichukua muda mrefu na mwishowe waliuliza bei tu.

Asubuhi moja ya Julai alikuwa na wageni wawili, mtu na mkewe, wastaafu wa Kizungu wasio na haraka. Walianzia Usa River. Njia aliibuni Brayson mwenyewe na alijivunia: unaacha lami, unapita nyuma ya mashamba ya maua yaliyofunikwa kwa nailoni, unaingia barabara ya vumbi jekundu na kupanda nayo mpaka inapoanza kahawa na migomba, unasimama kwenye daraja la mfereji kuutazama Kilimanjaro kama mawingu yamekubali, kisha unateremka kidogo kwenda kwa wakwe zake. Huko mama mkwe aliwakaangia wageni kahawa na kuitwanga mbele ya macho yao. Mwenyewe hakuacha kushangaa, watu wazima na akili zao kupanda ndege kuja kuangalia kahawa ikitwangwa, lakini alipenda furaha yao, na mumewe alipenda kuwashika mikono na kuwauliza kwao wanalima nini.

Yule mama wa Kizungu aliuliza kila kitu. Mti huu unaitwaje, mtoto yule amebeba nini, maji ya mfereji ni ya nani. Brayson akamweleza kwamba maji yana zamu, kila nyumba ina siku yake na saa yake, na anayeikosa anasubiri wiki nzima. "Leo ni zamu ya baba mkwe wangu," akaongeza, na alilisema hilo kwa fahari kabisa.

Kila alipofika darajani Brayson alikuwa na kawaida ya kupiga kengele, mara tatu nne, kuwajulisha watu wa chini kwamba bubu zinashuka. Siku hiyo kulikuwa na mbega juu ya mti, mama na mtoto wake, na wageni walikuwa wanawapiga picha. Yule bwana akaweka kidole mdomoni kumwashiria Brayson anyamaze. Brayson akaiacha kengele, na picha zilipokwisha wakateremka kimya kimya.

Baada ya kona akamwona Mzee Kaanaeli Nnko, baba yake Tabea, mkewe. Alikuwa mbele yao, jembe begani, amewapa mgongo, anakwenda kufungua maji yake. Macho ya mzee huyo yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, yote mawili. Alibaki na mwanga na vivuli. Lakini masikio yake yalisifika kijiji kizima. Bodaboda zote alizijua kwa mlio. Akisikia moja alijisogeza pembeni na kumsalimia dereva kwa jina kabla hajafika. Bubu za mkwewe alizijua kwa ile kengele ya darajani. Akiisikia alisimama ukingoni na kuinua mkono juu.

Brayson alikuwa na nafasi ya kupiga kengele. Hili tuliseme sasa hivi, maana ndilo lililomtafuna baadaye. Kidole gumba kilikuwa juu yake. Lakini kupiga kengele darajani, kuwapigia watu wote, ni jambo moja, na kumpigia mtu mgongoni ni kumwambia toka njiani. Mbuzi hupigiwa. Wanafunzi wanaotembea wameshikana mikono hupigiwa, na mlevi hupigiwa. Baba mkwe, aliyekupa binti yake, unampigiaje? Tena mbele ya wageni? Kidole chenyewe kilikataa. Akaona atapunguza mwendo, ashuke, aisukume baiskeli mpaka ubavuni kwa mzee na kumwamkia kwa heshima, wageni nao waone.

Akakamata breki. Njia ilikuwa na changarawe, na baiskeli zile ni nzito kwa sababu ya betri. Gurudumu la nyuma likateleza. Mzee akasikia mawe yakikwaruzwa nyuma yake, akaruka pembeni, na upande aliorukia ndio ule Brayson aliokuwa akijaribu kupitia. Neno shikamoo lilimtoka Brayson mdomoni mzee akiwa tayari yuko chini, mguu mmoja umegeukia kusiko kwake.

"Ni nani?" mzee akauliza.

"Ni mimi, baba. Brayson."

"Aa." Akapumua kwa shida. "Jembe halijamkata mtu?"

Yule mama wa Kizungu alikuwa amepiga magoti, koti lake liko chini ya kichwa cha mzee, analia kwa sauti. Brayson hakulia. Alikimbia kutafuta gari, akaipata Noah ya jirani aliyekuwa anapakia ndizi, wakazishusha ndizi na kumpakia mzee.

* * *

Violet alifika hospitali mchana, ameshika mfuko wa machungwa. Ndiye aliyekuwa mwenye kampuni ya zile baiskeli. Alikuwa ameweka rehani nyumba ya mama yake kule Sekei ili anunue baiskeli nane, na tangu siku hiyo alikuwa hapati usingizi wa kutosha. Hakuwa mtu mbaya. Alimkuta Brayson kwenye korido, shati lina vumbi, anatazama ukuta.

Daktari alikuwa ameshasema. Mfupa wa paja umevunjika karibu na nyonga, na kwa umri ule hauungi wenyewe. Lazima operesheni, awekwe chuma. Mzee hakuwa na bima ya afya. Hospitali ilitaka barua ya mtu atakayelipa, na mtu pekee aliyeweza kulipa ni bima ya kampuni ya Violet.

"Kengele ulipiga?" Violet akauliza.

"Sikupiga."

"Hukumwona?"

"Nilimwona."

"Sasa?"

"Ni mkwe wangu, dada."

Violet ni Mchaga, na kwao pia mkwe ni mtu wa kuheshimiwa. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Akafumba macho na kuegemea ukuta. "Hilo huwezi kuwaeleza watu wa bima, Brayson. Wale hawana wakwe."

Nesi akapita na toroli. Violet akasubiri apite, kisha akasogea karibu. "Nisikilize vizuri. Ukiingia mle ndani umpe pole. Pole tu. Usiseme nisamehe, usiseme samahani. Kuna manesi, kuna ndugu, watu wana masikio. Ukisema nisamehe umekubali kosa. Ukikubali kosa wanasema uzembe, hawatoi hata senti, na mzee hafanyiwi operesheni. Mimi sina hela hiyo, wewe huna, na mashemeji zako hawana."

"Ni baba yangu yule. Nitaachaje kumwomba msamaha?"

"Utamwomba akishapona. Atakuwa amekaa nyumbani kwake na mguu wake mzima. Siku hiyo piga magoti mpaka jioni, hakuna atakayekuzuia."

Wakaingia wodini pamoja. Mguu wa mzee ulikuwa umevutwa kwa kamba yenye uzito upande wa miguuni mwa kitanda. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, maana kiti kilikuwa kimoja na amekikalia mgeni wa kitanda cha pili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Brayson?"

"Ndiyo, baba. Pole, baba."

Mzee akageuza uso kuelekea kule sauti ilikotoka. Alisubiri kidogo, na maneno mengine yalipokosekana akauliza, "Umesemaje?"

"Nimesema pole, baba."

"Asante. Pole nimepewa na wengi leo. Yule mama anayepiga deki kanipa pole. Mchungaji kanipigia simu, kanipa pole. Hata huyu jirani yangu hapa, amekatwa mguu, naye kanipa pole. Na wewe je?"

Brayson alimtazama Violet. Violet alikuwa anapanga machungwa juu ya kabati dogo, moja moja, taratibu mno.

"Tunamwomba Mungu, baba," akasema.

"Haya," mzee akajibu, na akauliza kama zamu yake ya maji imepotea. Mama mkwe akamwambia hapana, majirani wamemfungulia. Kisha kengele ya kuwatoa wageni ikalia.

* * *

Brayson na Tabea walipanga vyumba viwili Usa River, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Tabea alikuwa kibarua kwenye shamba la maua, chumba cha kufungia maua kwenye maboksi. Alipopigiwa simu kuhusu baba yake aliomba ruhusa, na msimamizi akamwambia kama baba hajafa amalize kwanza maboksi yake. Akamaliza maboksi yake. Alifika nyumbani jioni bado amevaa buti za kazi, mtoto wao Bariki anamng'ang'ania sketi, na kabla hajakaa akauliza.

"Baba Bariki, umemwambia nini baba?"

"Nimempa pole."

"Pole?" Tabea akasimama wima. "Umempa pole kama mtu wa kupita?"

Brayson akamweleza yote. Mbega, kona, kidole juu ya kengele, maneno ya Violet. Alieleza huku ameangalia chini, anasubiri matusi. Badala yake akasikia mlio wa ajabu, akainua uso. Tabea alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka.

"Hukumpigia baba kengele kwa ajili ya heshima?"

"Ndiyo."

"Mungu wangu. Kamwambie hivyo hivyo, mume wangu. Baba namjua mimi. Atacheka mpaka mguu umuume. Atawasimulia wodi nzima kwamba ana mkwe mwenye adabu mpaka amemvunja."

"Nikimwambia hawalipi."

Kicheko kikamwisha. Akakaa kitandani na kuanza kufungua kamba za buti, moja ikakataa, akaiacha hivyo. Bariki akalala mapajani kwake.

"Basi tusubiri afanyiwe," akasema. "Akiamka tu tutamwambia pamoja. Mimi na wewe."

Ndivyo walivyokubaliana, na hakuna kati yao aliyeona kwamba wamefanya vibaya. Walitaka mzee atembee tena. Lililobaki waliliona dogo, la kungoja.

* * *

Siku ya tatu Violet alileta karatasi. Ilikuwa imechapwa kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, chini kuna nafasi ya sahihi au dole gumba. Watu wa bima walitaka maelezo ya majeruhi mwenyewe, alisema, na bila hayo faili haliendi Dar es Salaam.

"Anisomee mkwe wangu," mzee akasema. "Wewe dada sauti yako bado ni ngeni kwangu. Yake naijua."

Brayson hakuwa ameiona karatasi ile kabla. Akaanza kusoma kwa sauti ya kanisani, polepole. Mimi, Kaanaeli Nnko, mkulima, mkazi wa Ndatu. Tarehe, saa, mahali. Nilikuwa natembea kwa miguu. Akafika mstari wa tano, akaishia hapo.

"Endelea," mzee akasema.

"Mwendesha baiskeli alipiga kengele ipasavyo," Brayson akasoma, "ila kutokana na umri na hali yangu ya kiafya sikuisikia."

"Rudia hapo."

Akarudia.

"Ulipiga?"

Mama mkwe alikuwa ameshika kikombe cha uji, kijiko kimesimama hewani. Violet alikuwa anatazama vigae vya sakafu. Brayson akautazama ule mguu uliovutwa kwa kamba, umevimba, ngozi inang'aa, na akawaza kwamba neno moja lake ndilo litakaloupeleka kwa daktari au kuuacha pale.

"Nilipiga, baba."

Mzee akainua mkono akashika sikio lake, akalivuta kidogo, akashika na la pili.

"Kumbe," akasema. "Macho yalipoondoka nilisema si kitu, masikio ninayo. Sasa nayo yameanza." Akaushusha mkono. "Basi usijilaumu, mwanangu. Siku ile nilipokuuliza na wewe je, nilitaka tu kujua. Wewe ulifanya ya kwako. Nileteeni huo wino."

Violet akamshika kidole na kukibonyeza karatasini. Mama mkwe akakifuta wino kwa ncha ya khanga yake. Mle koridoni Violet alitaka kumwambia Brayson kitu, lakini Brayson alikuwa amekwisha shuka ngazi.

* * *

Faili lilikwenda Dar es Salaam na huko likakaa. Violet alipiga simu kila asubuhi; waliambiwa kesho, waliambiwa mhusika yuko kwenye kikao, waliambiwa Jumatatu. Brayson alikwenda wodini kila siku baada ya kazi, maana baiskeli ziliendelea na wageni waliendelea kuja. Njia alikuwa ameibadilisha. Aliwapitisha upande mwingine, kwenye ziwa dogo lenye ndege wengi, na walipouliza kuhusu kahawa alisema mwenyeji amesafiri.

Mzee alikuwa amebadilika. Siku za kwanza alikuwa anazungumza na wagonjwa wote, anawauliza koo zao na mashamba yao. Sasa alilala ametazama dari. Watu wakicheka kitanda cha jirani hakuuliza wamecheka nini. Mwanawe Godbless, mwalimu kule Moshi, alipokuja Jumamosi kumwona, mzee alimwambia aichukue zamu ya maji moja kwa moja, amtafute mtu wa kuisimamia.

"Mpaka utakapopona, baba," Godbless akasema.

"Hata nikipona. Maji nilikuwa nayajua kwa kusikia. Nikisimama juu nasikia yamefika kwenye kahawa, yamefika kwenye mahindi. Sasa nitajuaje?"

Brayson alikuwa amesimama nyuma ya Godbless. Alifungua mdomo. Tabea, aliyekuwa kando yake, akamshika kiganja akakibana, na simu ya Brayson ikatetemeka mfukoni: Violet amesema Jumatatu ni lazima. Akaufunga mdomo. Siku mbili tu, alijiambia. Amevumilia wiki nzima, siku mbili zinamshinda nini.

Jumatatu ikapita. Jumanne ikapita. Jumatano palipokucha Mzee Kaanaeli alishindwa kupumua, wakamletea mtungi wa hewa, na kabla ya chai ya saa nne alikuwa amefariki. Daktari alisema damu iliganda mguuni kwa kulala muda mrefu, ikapanda kwenye mapafu. Zilikuwa zimepita siku tisa tangu aweke dole gumba.

Ujumbe wa bima ulifika siku ya pili ya msiba, Brayson akiwa na vijana wenzake ndani ya kaburi, koleo mkononi. Violet aliutuma kama alivyoupokea, bila kuongeza neno. Wamekubali kulipa gharama zote za operesheni. Brayson akausoma akiwa amesimama kwenye udongo wa shamba la mkwewe mpaka kifuani, akairudisha simu mfukoni, na kijana aliyekuwa juu akamwambia achimbe au ampishe mwingine.

* * *

Mazishi yalijaa. Walikuja watu wa Ndatu, walikuja madereva wa bodaboda aliowajua kwa mlio, kwaya mbili zikaimba. Violet alikaa nyuma kabisa chini ya turubai, miwani ya jua usoni, na kina mama wakaulizana kwa sauti ya kutosha kama huyo ndiye mwenye pikipiki bubu. Godbless akasimama kusoma wasifu wa marehemu. Alizaliwa wapi, alibatizwa na nani, alioa lini, watoto wanne, wajukuu tisa.

"Marehemu alisumbuliwa na macho kwa miaka sita," Godbless akasoma. "Siku zake za mwisho usikivu nao ulikuwa umepungua, na hiyo ndiyo sababu hakuisikia kengele ya baiskeli, akapata ajali iliyomsababishia umauti. Bwana ametoa, Bwana ametwaa."

Watu wakaitikia. Yule mama muuza maparachichi akatikisa kichwa na kumwambia jirani yake kwamba hakujua, masikini, kumbe na masikio. Brayson aliyasikia hayo. Ilikuwa imeshasemwa mbele ya mchungaji na mbele ya kijiji kizima, na sasa ingesemwa hivyo siku zote, kwamba Mzee Kaanaeli alikufa kiziwi.

Walipomaliza kufukia na mashada yamewekwa, Tabea alimfuata mumewe kwenye migomba alikokuwa amejitenga. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Mama yuko chumbani," akasema. "Nenda."

"Twende wote."

"Tulisema tutamwambia baba pamoja. Sasa baba hayupo. La mama nenda mwenyewe, mimi nitasimama mlangoni."

Mama mkwe alikuwa amekaa juu ya godoro chini, wajane wenzake watatu wamemzunguka. Mkwe haingii chumba cha mama mkwe hivi hivi, na wale wanawake walimtazama Brayson kwa mshangao alipovua viatu na kupiga magoti kwenye kizingiti.

"Karibu, Baba Bariki," mama mkwe akasema. Sauti yake ilikuwa imekauka kabisa.

"Mama, baba alikuwa anasikia vizuri."

Mama mkwe akamtazama.

"Kengele sikuipiga. Hakukuwa na kengele ya kusikia. Nilimwona mbele yangu, nikaona haya kumpigia mgongoni kama ninayefukuza mbuzi. Ile karatasi ilikuwa ya uongo, mama, na baba aliponiuliza nikamdanganya, ili walipe, atibiwe. Nilitaka nimwambie akipona. Nisamehe, mama."

Mmoja wa wale wajane akasema "Yesu wangu" na kuziba mdomo. Mlangoni Tabea alikuwa ameegemea fremu, uso ameuficha mkononi. Mama mkwe hakupiga kelele wala hakulia. Alikaa akiulainisha mkunjo mmoja wa shuka kwa kiganja, mara nyingi, mpaka Brayson akadhani hakuelewa.

"Nimekusikia," akasema mwishowe. "Mimi upande wangu nimekusamehe. Hata mimi nisingempigia mkwe kengele. Na ningedanganya apone, ningedanganya kukuzidi wewe. Lakini la kwake usiniombe, mwanangu. Mimi sina."

"Ndiyo, mama."

"Unaisikia sauti yangu? Watu wanadhani imekauka kwa kulia." Akajaribu kusafisha koo, ikashindikana. "Siku ile uliyomwambia kengele ililia, na mimi niliamini. Nikasema mume wangu asije akaona aibu kuniuliza neno mara mbili mbele za watu. Nikawa naongea naye kwa kupaza sauti. Kumlisha uji, kumgeuza, kumwombea, yote kwa kelele, mpaka wagonjwa wakalalamika. Siku tisa. Nilipokuwa namuaga wodi nzima ilisikia maneno ya kwetu wawili."

Brayson akainama ili aipate sauti yake, maana ilikuwa imebaki kidogo sana.

"Juzi kabla hajafa alinishika mkono, akaniambia, 'Polepole, Mama Godbless.' Nikadhani anataka nitamke taratibu ndipo ayashike maneno. Nikatamka taratibu, neno moja moja, na nikazidi kupaza. Akaniachia mkono, akageukia ukutani. Kumbe masikini alikuwa ananisikia, nami nampigia kelele."